Kapu la Mgonjwa

Tulimzika Akeyo Alhamisi, huko kwao karibu na ziwa, na nilipoitwa niseme neno nilisema alikuwa mpishi mzuri wa samaki, nikaketi. Watu walicheka kidogo. Binti yake alinitazama kama mtu aliyengoja chakula akaletewa maji. Alijua kwamba mimi na mama yake tulijuana tangu mashamba ya chai, kabla yeye hajazaliwa, na alitaka kusikia habari za huko. Sikuweza. Mbele ya jeneza nilishikwa na woga uleule wa ujana, na mwanamke wa umri wangu akiketi ghafla watu hudhani ni maumivu ya magoti. Basi nayaandika hapa, maana karatasi hainikodolei macho. Habari za nani alinizaa na ng'ombe wangapi walitolewa nikaolewa nimeziacha kando, zinafanana na za kila mtu. Nataka mwaka mmoja tu.

Nina mjukuu Nairobi, anafanya kazi na kanisa. Kazi yao, alivyonieleza, ni kuwapa watu wa mitaa ya mabati pesa kidogo kila mwezi, wale ambao kazi imewakatikia au ugonjwa umewalaza, bila kuwakopesha na bila kuwapangia wanunue nini. Juzi alikuja na daftari akaniuliza, “Nyanya, wakubwa wetu wanaogopa watu watazoea, watakuwa wavivu. Wewe unaonaje?” Nikamwambia anywe chai kwanza. Nilikuwa nimekasirika na sikutaka hasira imwangukie yeye, kijana wa watu, ametumwa tu. Mimi nimeona mtu akilipwa amelala kitandani, miezi mitatu mizima, na hakuna aliyekaa kikao kuuliza kama atakuwa mvivu. Alikuwa Mzungu. Nitafika kwake.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na saba na ndoa yangu ilikuwa na miezi minne. Mume wangu Ombati aliniambia tunakwenda Kericho kuchuma chai, nami nikafikiri kuchuma ni kama kuchuma mboga za managu nyuma ya nyumba, unachuma ukishiba unaacha. Ilikuwa katika ile miaka ya thelathini mwanzoni, bei ya chai ilipoanguka huko inakouzwa, na sisi tuliokuwa hatujawahi kuona mahali inakouzwa ndio tuliangukiwa. Tulipewa kibanda cha mviringo katika laini, yaani ile safu ya vibanda vya wafanyakazi, chenye mlango mfupi hata mimi niliinama kuingia. Nje walikipaka chokaa kwa ajili ya macho ya wakubwa wanaopita na farasi. Ndani kilikuwa udongo mtupu, kitanda cha miti, mafiga matatu, na moshi ambao haukujua njia ya kutoka. Mvua ilinyesha kila siku baada ya saa nane, na paa la nyasi likavuja mahali palepale, juu ya miguu ya Ombati, naye akilala amekunja magoti kama mtoto. Nilikipenda kibanda hicho kuliko nyumba yoyote niliyokaa baadaye. Nasema hivyo ili ieleweke nilikuwa naogopa kupoteza nini.

Kila mchumaji alikuwa na namba yake na tiketi yake, kadi yenye nafasi thelathini. Ukichuma kapu lako likapimwa na karani likakubaliwa, nafasi moja inatiwa alama. Hakuna kapu, hakuna alama. Hakuna alama, Jumamosi unga wako wa posho unapungua. Na mwaka huo wakaleta sheria mpya, kwa sababu watu wenye njaa walikuwa wamejaa langoni kuanzia asubuhi wakiomba kazi, wengine wametoka Bomet, wengine wametembea kutoka ziwani: tiketi yenye nafasi tatu tupu inachanwa, na kibanda kinapewa mtu mwingine siku hiyohiyo. Hawakuuliza nafasi imekuwa tupu kwa nini. Nilijifunza kuhesabu kwa Kiswahili kwa kuangalia tiketi ya mume wangu. Asubuhi kabla ya kwenda shambani niliichomoa chini ya blanketi nikaitazama kama mtu anayetazama kidonda.

Akeyo alikaa kibanda cha pili kutoka chetu. Alikuwa Mjaluo mrefu, miaka yake labda ishirini na sita, ana watoto wawili, na mumewe alikuwa amekwenda upande wa Kakamega kutafuta dhahabu. Ukimuuliza mume yuko wapi alijibu, “Anachimba. Akifika chini atatokea upande wa pili.” Tulizungumza Kiswahili cha kuungaunga, mimi cha Kisii na yeye cha ziwani, na tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wajukuu wangu wenye shule. Wiki ya kwanza aliingia kwangu bila kubisha, akafunua sufuria, akaonja mboga, akaitemea motoni.

“Hii ni mboga ya mtu mwenye hasira,” akasema. “Leta chumvi. Na kesho ukifika shambani utaona kapu moja haina mwenyewe. Usiulize kwa sauti.”

Hivyo ndivyo nilivyolijua kapu la mgonjwa. Mtu wa laini yetu akiugua, kapu lake halikubaki nyumbani. Mmoja wetu alilibeba pamoja na lake, na sisi wengine tukipita katika mistari ya chai tulitupia humo konzi mbili za majani kila mmoja. Tulikuwa watu arobaini hivi. Ikifika saa ya kupima kapu limejaa, mbebaji anataja namba ya mgonjwa kana kwamba mwenyewe amekwenda haja tu, karani anaandika, na tiketi ya mgonjwa inapata alama yake. Kubeba kulikuwa kwa zamu. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni Mkisii, Mjaluo, Mluhya au Mkipsigis. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini, hata alipokuwa anaumwa na pombe ya jana; Akeyo alisema tukianza kupima ugonjwa tutamaliza siku bila kupima chai. Watu hupenda sana kusema haba na haba hujaza kibaba, wanasema huku wamekaa. Mimi nililiona likijazwa.

Na nililiharibu. Lazima niseme. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa mzito wa vidole, kapu langu mwenyewe lilikuwa halijai, na kila konzi niliyotoa niliiona imetoka kinywani mwangu. Siku moja kapu lilikuwa la Barasa, mzee Mluhya aliyekuwa amekatwa na panga mguuni. Chai inayotakiwa ni majani mawili na chipukizi, laini. Mimi nikachuma yale makubwa ya chini, magumu kama ngozi, nikayasukumia ndani, nikafunika kwa laini kidogo. Nilidhani sadaka ni sadaka; kwetu mtu akija kuomba viazi hupewi lawama ukimpa vile vidogo. Karani, Mhindi mmoja mkimya, akaingiza mkono mpaka chini ya kapu, akatoa majani yangu, akayatazama, akamwaga kapu lote matopeni. Barasa alipoteza alama. Akeyo hakunigombeza mbele ya watu. Tulipokuwa tunarudi alitembea kando yangu mpaka karibu na mto, kisha akasema, “Kapu ya mgonjwa unaweka majani nzuri kushinda yako. Yako ikikataliwa uko na mikono ya kuchuma tena. Yeye hana.” Niliona haya hata nikashindwa kula. Lakini zaidi ya haya niliogopa, kwa sababu niligundua wamejua ni mimi.

Haikupita miezi miwili Ombati akaanguka. Ilikuwa homa ile ya baridi iliyokuwa ikizunguka mashamba yote baada ya mvua ndefu. Asubuhi alisimama ashike kapu, akalikosa, kana kwamba limesogezwa, akakaa chini. Siku hiyo ya kwanza nilichanganyikiwa nikakaa naye, sikumwambia mtu, na nafasi moja ikabaki tupu. Jioni Akeyo alipojua alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Kwa nini hukusema?” Ningesemaje kwamba niliogopa nikiomba wataniwekea majani yangu ya chini? Kesho yake kapu la Ombati lilikuwa shambani limejaa majani laini, na nilipopita karibu nalo nililipekua kwa siri mpaka chini. Yalikuwa laini yote. Nililia nikiwa nimeinama kwenye mche wa chai ili ionekane nachuma.

Siku ya sita ya ugonjwa, homa haijashuka, nilikwenda nyumba ya bwana mdogo, yule Mzungu kijana aliyekuwa msaidizi wa meneja, nikaombe kwinini kwa mpishi wake Wekesa. Bwana mdogo naye alikuwa amelazwa na homa hiyohiyo. Pengine mbu aliyewauma alikuwa mmoja. Nilisimama mlango wa nyuma wa jikoni. Nakumbuka jiko lile kuliko vyumba vingi nilivyoishi: sakafu ya saruji iliyopigwa deki, sufuria zimetundikwa kwa ukubwa, na juu ya moto kuku mzima akichemshwa ili watu wanywe maji yake tu. Nyama yenyewe ingewekwa pembeni kwa ajili ya mbwa. Kupitia mlango wa ndani nilisikia sauti ya meneja, polepole, ya upole, sikujua kama mtu yule alikuwa na sauti ya upole. Nikamuuliza Wekesa anasema nini. Wekesa aliendelea kuchuja supu.

“Anamwambia asihangaike. Mshahara yake inaingia kama kawaida. Alale mpaka apone. Na akitaka, kampuni itampeleka kwao na meli apumzike, arudi akiwa na nguvu.”

“Mshahara wa kazi gani?”

“Kazi ya kuugua.” Akanitazama aone kama nimeelewa. “Karani Mhindi alipovunjika mguu mwaka jana alilipwa nusu. Sisi tunalipwa tukisimama. Ukilala, ni kama hukuzaliwa. Shika hii, weka ndani ya nguo, na usipite mbele ya nyumba.” Alinipa vidonge vinne katika karatasi na supu ndani ya mkebe wa siagi.

Nimesoma watu wakiandika kwamba siku fulani walisikia neno fulani wakaamka, wakawa wapiganaji. Mimi sikuamka. Hasira ya maneno ya Wekesa ilinifika baada ya miaka mingi, nikiwa na watoto, siku moja nikiosha vyombo. Siku ile nilitembea tu njia nzima, nimeukumbatia mkebe, nikiwaza mtu akinikuta na supu ya Mzungu atasema nimeiba. Ombati aliinywa akiwa amefumba macho. Akauliza ni ya nani nikasema ya kuku. Alicheka, na kicheko hicho kilimchosha mpaka akalala.

Wiki ya pili nyapara alinisimamisha njiani. Alikuwa Mkipsigis wa makamo, arap Tonui, na ile milima tuliyokuwa tunachumia ilikuwa malisho ya baba yake kabla ya kuitwa shamba la kampuni. Yeye sasa alilipwa kuwasimamia wageni juu yake. Miezi yote hiyo alikuwa akiliona kapu la mgonjwa na kugeuza macho kuangalia mawingu. Alisema bila kusimama vizuri, kama anayeniuliza habari ya mvua, “Kesho pwana mdogo anaamka. Anakuja kupima yeye mwenyewe. Nimesema.” Akaenda zake.

Nilihesabu. Kesho ilikuwa zamu yangu ya kulibeba kapu.

Sasa nafika pale niliposhindwa kufika Alhamisi mbele ya jeneza. Usiku sikulala, asubuhi nilikwenda kwa Akeyo nikamkuta anawapa watoto uji, nikamwambia tumbo linaniuma. Nikamwomba tubadilishane zamu. Sikumwambia habari za bwana mdogo. Hilo ndilo nililowaficha watu wangu miaka yote, hata Ombati mpaka akafa: kwamba nilijua, na sikumwambia. Akeyo alilamba uji kwenye kidole, akasema, “Sawa, mdogo wangu. Nitabeba mimi,” na akaniuliza kama nimejaribu kunywa maji ya majivu.

Banda la kupimia lilikuwa mabati juu ya nguzo, bila kuta, na mizani inaning'inia katikati. Bwana mdogo alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na karani, amekonda, amevaa koti zito juani, ngozi yake ina rangi ya nta. Alikuwa mgonjwa bado, mtu yeyote angeona. Watu walipomwona foleni yote ikanywea. Akeyo alikuwa mbele yangu kwa watu watano, kapu lake mgongoni na la Ombati mkononi, na hakuwa na mahali pa kulificha.

“Hii ya pili ya nani?” bwana mdogo akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kibovu lakini kilitosha.

“Yangu,” akasema Akeyo.

“Mtu moja kapu moja. Ya nani?”

“Yangu, bwana. Mimi nachuma haraka.”

Akamwita arap Tonui. Arap Tonui akasema, “Mimi hapana ona, pwana.” Bwana mdogo akafuta jasho, akasimama kwa kushika nguzo, akatuambia sote kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kitandani: mwenye kapu hili ajitokeze sasa. Asipojitokeza, mwanamke huyu ameiba majani katika makapu ya wenzake, na leo hii anatoka kwenye shamba na watoto wake. Kisha akangoja.

Nililiona kapu la mume wangu. Lilikuwa na mshipi mwekundu niliousuka mimi. Ningesema maneno mawili tu. Nikisema, namba ya Ombati inafutwa, naye hana nguvu ya kufika hata mtoni, ningemlaza wapi katika mvua ile? Nisiposema, Akeyo anafukuzwa kwa zamu ambayo haikuwa yake. Hayo yote nayaeleza sasa nikiwa nimekaa na miwani yangu. Wakati ule sikupima kitu. Nilisikia mkojo wa moto ukinishuka miguuni. Watu arobaini walisimama pale, konzi za kila mmoja zimo ndani ya kapu lile, na hakuna aliyekohoa. Akeyo aligeuka nyuma mara moja, akapitisha macho juu ya foleni, yakanifikia, yakakaa. Kisha akageuka mbele, akaliweka kapu chini.

“Basi niandike mwizi,” akasema. “Lakini pimeni hii ya kwanza. Hii nimechuma.”

Hawakuipima. Aliondoka kabla ya kile chuma cha kengele ya jioni kugongwa, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika sufuria, akashika njia ya Kaplong mvua ikinyesha. Nilijua hivyo kwa kusikia, maana nilikuwa ndani ya kibanda nimefunga mlango. Alipita karibu kiasi kwamba nilisikia mtoto akiuliza kama wataenda kwa baba. Sikutoka. Ombati, aliyekuwa hajui lolote, akaniambia, “Mwite Akeyo, nasikia harufu ya mboga inayoungua.” Nilikuwa nimesahau sufuria motoni.

Tiketi ya Ombati sasa ilikuwa na nafasi mbili tupu. Ya tatu ingekuwa kesho.

Kulipokucha nilichukua makapu mawili. Hakuna aliyenituma. Sitaki mtu afikiri nilipata ujasiri. Niliogopa kuliko jana, ila jana nilikuwa nimeona woga wangu unakula nini, na hilo lilinitisha zaidi ya bwana mdogo. Nikaliweka kapu la Ombati kwenye njia katikati ya mistari ya chai, mahali pake pa siku zote, nikasimama kando yake. Wanawake wawili wa kwanza walilipita wakitazama mbele. Wa tatu akalipita. Siwalaumu, tulikuwa tumemwona Akeyo akienda. Kisha akaja Barasa akichechemea. Alisimama, akatia mkono ndani ya kapu langu mimi, akazamisha mpaka chini, akapapasa kama karani. Akatoa majani machache akayaangalia juani.

“Umejifunza,” akasema. Akatia konzi zake mbili katika kapu la Ombati. Baada yake wakatia wengine, hata wale watatu walirudi.

Nilifika kwenye mizani nikiwa na makapu mawili. Kiti kilikuwa tupu. Homa ilikuwa imemrudia bwana mdogo usiku, amelazwa tena, na Wekesa alikuwa anachemsha kuku mwingine. Nikataja namba yangu. Nikataja mia mbili kumi na saba, ya Ombati. Karani Mhindi akanitazama muda mrefu, akaingiza mkono mpaka chini ya kapu, akautoa, akaandika.

Ombati alisimama baada ya siku tisa. Bwana mdogo alikaa kitandani na kwenye kiti cha baraza mpaka miezi mitatu ikaisha, mshahara unaingia, kisha akapelekwa kwao na meli kama alivyoahidiwa, na aliporudi alikuwa mnene na mchapakazi, hilo siwezi kumnyima. Alipewa nafasi ya kupona naye akapona. Nilimweleza mjukuu wangu hivyo. Nikamwambia: waulize wakubwa wako, yule mtu supu ilimfanya mvivu? Na Barasa, aliyebebewa kapu siku kumi na nane, aliporudi alikuwa wa kwanza kutoa konzi mpaka uzee ulipomtoa shambani. Kwa nini Mzungu akisaidiwa ni haki yake na maskini wa mabati akisaidiwa ni mtego wa uvivu? Kijana aliandika haya yote. Hakuniuliza Akeyo alikwenda wapi kwa sababu sikumtaja.

Mimi nililibeba kapu la mgonjwa miaka kumi na mmoja. Nilichukua zamu ya kila mtu aliyekuwa tayari kuniachia, na wengi waliniachia. Walinisifu. Watu wapya katika laini walidhani nimeumbwa bila hofu, wakati kila siku saa ya kupima nilikwenda kwanza nyuma ya banda kutapika.

Akeyo nilimwona tena mwaka wa nne. Ilikuwa soko la Roret, siku ya jua kali, na alikuwa amekaa juu ya gunia anauza samaki wakavu aliowaleta kutoka ziwani kupitia Kaplong, mwili umejaa, watoto wamekua, na mimba ya mtoto wa tatu. Yule mchimbaji alikuwa ametokea upande wa pili kweli. Nilizunguka soko mara tatu kabla ya kumkaribia. Nilipofika mbele yake nilisahau salamu. Nilimwambia yote hapohapo, nimesimama, wateja wakisikiliza: kwamba zamu ilikuwa yangu, kwamba tumbo halikuniuma, kwamba arap Tonui aliniambia bwana mdogo anakuja. Kwamba nilinyamaza. Nikamwambia niliogopa, anisamehe.

Alikuwa anamfungia mama mmoja samaki kwenye majani ya mgomba. Alimaliza, akafunga kamba, akampa, ndipo akaniinulia macho.

“Arap Tonui aliniambia na mimi,” akasema. “Siku ileile, kabla yako. Nilikuwa nakuja kwako kuomba hiyo zamu, maana wewe ulikuwa na mgonjwa ndani, ukanitangulia na hiyo tumbo yako.”

Nikamwambia, mbona basi ulinitazama vile kwenye foleni.

“Nilikuwa naogopa,” akasema Akeyo. “Naogopa utasema.”